Mwana Kupona: Mjane wa Siyu aliyemwachia bintiye wosia wa kuitawala nafsi

Mwaka wa 1858 ulimkuta Mwana Kupona binti Mshamu akiwa mgonjwa. Maradhi yalikuwa yamemwandama kwa mwaka mzima bila kumwachilia. Mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa mji wa Siyu katika kisiwa cha Pate, alikuwa amefariki miaka miwili iliyotangulia, nao mji aliouacha ulikuwa ungali katika uhasama na dola ya Zanzibar.

Katika hali hiyo mama huyu alimwita bintiye, akamtaka aje aketi karibu naye na wino na karatasi, kwa kuwa moyoni mwake mlikuwa na maneno aliyotamani kumwambia kabla hawajatengana.

Maneno hayo ndiyo yaliyozaa utenzi wa beti 102 unaojulikana hadi leo kama Utendi wa Mwana Kupona. Wasomaji wengi waliukuta darasani ukiwa vipande vipande, aghalabu vile vinavyomfunza mke namna ya kumtunza mume. Kwa sababu hiyo jina la mtunzi limenaswa katika mjadala mmoja tu, na maisha yake yamebaki pembeni, ilhali bila maisha hayo wosia wenyewe ni vigumu kuuelewa.

Kwa makadirio ya watafiti, Mwana Kupona alizaliwa karibu mwaka 1810. Kuhusu mahali alikozaliwa hakuna haja ya kukisia, kwani mwishoni mwa utenzi alijitaja mwenyewe: jina lake, jina la babake, na mji wa Pate alikotoka. Neno Mwana lililotangulia jina lake lilikuwa la heshima, walilopewa mabibi wa nyumba za kiungwana katika visiwa vya Lamu. Ama Kupona, hilo ni jina ambalo kila msomaji wa Kiswahili anaifahamu maana yake, na si rahisi kulitamka bila kukumbuka kwamba aliyeitwa hivyo hakupona.

Mji wa Pate wa utotoni mwake ulikuwa umepita kilele cha fahari yake. Kwa muda mrefu wafalme wa ukoo wa Nabahani walikuwa wametajirika kwa biashara ya Bahari Hindi, na majumba ya mawe ya mji huo yalisifika pwani nzima. Lakini mnamo mwaka 1812 au 1813, jeshi la Pate pamoja na washirika wake wa Mombasa, Wamazrui, lilishindwa vibaya huko Shela, kisiwani Lamu.

Baada ya ushindi ule, watu wa Lamu walitafuta ulinzi wa Sayyid Said bin Sultan wa Oman. Mlango aliofunguliwa mtawala huyo haukufungwa tena, na katika miaka iliyofuata mkono wake ulizidi kurefuka kuelekea Pate yenyewe.

Kizazi kilichoshuhudia kuporomoka huko kilikuwa na desturi ya kujihoji. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, alikuwa ameusemesha moyo wake mwenyewe na kuuonyesha magofu ya majumba ya Pate, ili uzinduke na kutambua kwamba mali na cheo havidumu. Mwana Kupona alikulia miongoni mwa watu ambao kwao kuikagua nafsi halikuwa jambo la faragha pekee. Lilitungwa, likanakiliwa na likaimbwa.

Isitoshe, mabinti wa nyumba za kiungwana hawakunyimwa elimu kama wengi wanavyodhani. Walisomeshwa Kurani na kufundishwa kusoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na baadhi yao walitunga. Pate ilikuwa imewahi hata kutawaliwa na mwanamke, Mwana Khadija, katika karne ya 18. Binti Mshamu hakuwa wa kwanza kushika kalamu. Wengi waliomtangulia majina yao yamepotea pamoja na karatasi walizoziandikia.

Ndoa ndiyo iliyomtoa Pate na kumpeleka Siyu, upande wa pili wa kisiwa. Siyu ulikuwa mji wa mafundi na wanazuoni. Walikuwapo watengenezaji wa viatu na mikanda ya ngozi, masonara, maseremala, wafua panga, na waandishi walionakili misahafu kwa mkono na kuipamba kwa wino wa rangi. Mji wenyewe ulijificha mwishoni mwa mkono mwembamba wa bahari uliozingirwa na mikoko, na vyombo viliufikia maji yanapojaa. Adui aliyetaka kuushambulia alilazimika kwanza kupambana na tope.

Mtawala wa mji huo, Bwana Mataka bin Mubaraka wa jamaa ya Wafamau, hakuwa tayari kupokea amri kutoka Zanzibar, ambako Sayyid Said alikuwa amehamishia makao yake. Katika miaka ya 1840 Sayyid Said alituma majeshi kumtiisha. Hayakufaulu. Katikati ya muongo huo jemadari wake mashuhuri, Hamad bin Ahmad wa ukoo wa Busaidi, alivamiwa na wapiganaji wa Siyu na kuuawa, na jeshi lake likarudi bila ushindi. Ni nadra mji mdogo kiasi hicho kuishinda dola iliyokuwa na merikebu na mizinga, na habari zake zilisimuliwa kwa miaka mingi katika visiwa vyote vya Lamu.

Mwana Kupona alikuwa mke katika nyumba ya mtu huyo. Masimulizi ya vita hayamtaji, kwa kuwa yanahusu panga, bunduki na mashua. Hata hivyo, si vigumu kuona nyumba ya namna hiyo ilihitaji nini kwa mwanamke aliyeisimamia. Washirika wa Bwana Mataka walikuwa watu wa makabila na miji mbalimbali, kutoka visiwani na bara, ambao leo walikuwa marafiki na kesho wangeweza kununuliwa na upande wa pili. Mgeni aliyekaribishwa vibaya, au neno lililoponyoka sebuleni na kufika Lamu, lingeweza kumgharimu mumewe mshirika, au kumgharimu mtu maisha.

Kwa hiyo mtu anaposoma jinsi wosia wake unavyokazania ulimi, heri aikumbuke sebule hiyo. Mama huyu hakuwa akikariri adabu za kitabuni. Alikuwa ameishi mahali ambapo kuropoka kulikuwa na bei.

Mwaka 1856 Bwana Mataka alifariki. Mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, Sayyid Said naye alifia baharini akiwa safarini kutoka Oman kurudi Zanzibar. Mahasimu wawili waliondoka duniani kwa pamoja, lakini ugomvi wao haukuzikwa nao. Muhammad, mwana wa Bwana Mataka, aliendelea na mapambano ya babake, na upande wa pili Sayyid Majid alishika nafasi ya babake huko Zanzibar.

Mjane alibaki na watoto wawili ambao kumbukumbu zinawataja: Mwana Hashima, aliyekuwa na umri wa miaka 17 hivi mwaka 1858, na mdogo wake wa kiume. Kisha maradhi yakaingia. Masimulizi yaliyopokewa yanasema yalikuwa maradhi ya wanawake yenye kutoka damu, ya aina ambayo waganga wa wakati ule hawakuwa na dawa yake.

Tuitazame hali ya binti huyo. Alikuwa amempoteza baba, alikuwa anakaribia kumpoteza mama, na umri wake ulikuwa wa kuolewa. Kwa desturi za pwani, mafunzo ya ndoa yalikuwa kazi ya somo au kungwi, mwanamke wa makamo asiye mama mzazi, kwa sababu kuna mambo ambayo mama na binti hustahiana. Mwana Kupona aliuvuka mpaka huo. Hakuwa na muda wa kungoja, na huenda hakuwa na hakika ni nani angeifanya kazi hiyo baada yake.

Akachagua utenzi. Uamuzi huo nao ulikuwa wa busara. Ubeti wa utenzi ni mfupi, una vipande vinne vya mizani minane, na kina cha mwisho hujirudia toka mwanzo hadi tamati. Ni umbo linaloshikika kichwani upesi. Barua huchakaa na karatasi huliwa na mchwa, lakini binti aliyeuhifadhi utenzi angeweza kuubeba popote ambapo ndoa au vita vingempeleka.

Mwanzoni kabisa anamweleza bintiye kuwa anachompa ni hirizi ya kujikinga nayo, na kidani cha lulu na marijani cha kuvaa shingoni. Picha hiyo inagusa zaidi mtu anapokumbuka ilikotoka. Katika mji unaoweza kutekwa, vidani vya kweli huwa vya kwanza kuporwa. Mama alimfungia bintiye kidani ambacho askari asingeweza kukivua.

Jambo la kwanza katika wosia ni dini: kushika faradhi, na sunna pia kwa kadiri ya uwezo. La pili ni adabu, na hapo ndipo ulimi unapoingia. Binti anatakiwa awe na maneno mazuri ili popote atakapoingia apendwe. Anatakiwa awe mkweli, na jambo ambalo hana yakini nalo aachane nalo. Anaonywa asijenge dhana juu ya mambo asiyoyaona kwa macho yake, na ajihadhari na minong'ono.

Mshairi huyu hakumtaka bintiye awe bubu, ingawa wapo waliomsoma hivyo. Alimtaka awe mcheshi, aongee na watu kwa mzaha unaowaletea furaha, ila mzaha usiwe na hila wala usigeuke ubishi. Kipimo alichompa ni chepesi kukumbuka na kigumu kukitimiza: iwapo neno litamkera mwenzako, ni bora ulimeze. Kipimo hicho kinamlazimisha msemaji ajisikilize kabla hajasikilizwa. Hapo kujitambua na kujizuia vinakuwa kitendo kimoja.

Vivyo hivyo kuhusu marafiki. Mwana Kupona alimwonya bintiye asifuatane na watu wasiojua kujitunza, na sababu aliyoitaja ni kukosa kwao kujichunga. Hakuwapima kwa umaskini wao. Muhitaji akibisha mlangoni, asimsumbue kwa maswali; ampe anachoweza, tena haraka. Wakubwa wanapewa heshima yao, na ndugu na jamaa wanashikwa wasipotee.

Kwa mpango wake mwenyewe, binti alikuwa na deni kwa watano: Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Huyo wa mwisho ndiye aliyezua mabishano ya zaidi ya miaka mia moja.

Beti zinazomhusu mume ni nyingi, ingawa hazifiki nusu ya utenzi. Zinaeleza kwamba radhi ya mume ni njia ya mke kwendea peponi. Zinaagiza asimwamshe kwa kelele anapolala, ampepee, amwandalie chakula, amlaki kwa furaha anaporudi, na asitoke nyumbani bila idhini yake. Zinamtaka pia ajipambe: wanja, hina, pete, manukato na maua, na nyumba iwe safi inayonukia.

Wasomaji wa kisasa, hasa wanawake, wamekuwa na haki ya kuuliza maswali. Je, huu ni wosia au ni hati ya kujisalimisha? Wapo wanaouona utenzi kuwa chombo cha kumfunga mwanamke ndani ya kuta nne, na wanaonyesha jinsi ulivyotumiwa hivyo vizazi kwa vizazi. Upande wa pili wapo wataalamu kama Ann Biersteker, msomi wa Kimarekani, ambaye katika uchunguzi wake wa mwaka 1991 alipendekeza kwamba nyuma ya maneno ya utiifu kuna kinaya, na kwamba mtunzi alikuwa akiwafundisha wanawake jinsi ya kutumia uwezo wao kwa werevu.

Usomaji wa kinaya unavutia, lakini unadai mengi kutoka kwa maandishi yaliyotungwa na mgonjwa aliyesadiki kwa dhati kwamba karibu atasimama mbele ya Mola wake. Ni vyema zaidi kuzipa uzito beti chache ambazo Mwana Kupona anaiacha amri na kusimulia ndoa yake. Anamweleza Mwana Hashima kwamba yeye na baba yake waliishi kwa furaha na kicheko, na hakuna aliyemvunjia mwenzake heshima siku zote walizokuwa pamoja. Saa ya kifo ilipofika, mume alimkariria radhi zake.

Ushahidi huo unabadilisha uzito wa maagizo yaliyoutangulia. Heshima anayoielezea hapo ilikuwa ya pande mbili. Mtu aliyekuwa jeuri mbele ya Sayyid Said alikuwa mtu wa kucheka nyumbani mwake, na mkewe aliona fahari kulisema hilo. Wala hakudai kwamba kila mume atakuwa hivyo. Alichoweza kumfundisha bintiye ni upande ulio mikononi mwake tu. Upande wa mume mtarajiwa haukuwa katika uwezo wa mama yeyote wa Siyu ya 1858.

Hata hivyo, haitakuwa haki kumsafisha mtunzi huyu kwa kila kitu. Wosia wake ni wa bibi wa nyumba yenye watumwa. Alimtahadharisha bintiye asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa huduma, akihofia watamvuta kwenye mabaya. Wanawake waliochota maji, kufua na kupika ili Mwana Hashima apate nafasi ya kujipaka wanja na kujifunza kunyamaza kwa heshima, hawana sauti katika beti zote 102. Nidhamu ya nafsi aliyoihubiri ilisimama juu ya jasho la watu ambao hawakuulizwa. Mfumo huo ulikuwa wa kawaida pwani nzima na ulikomeshwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, wakati Mwana Hashima alikuwa tayari mwanamke mzee.

Baada ya maagizo, wosia unageuka kuwa dua. Mama anawaombea wanawe, ndugu zake, jamaa zake na Waislamu wote. Ni sehemu ambayo wahakiki huipita haraka, kwa kuwa haina mabishano, lakini ndiyo inayoonyesha waziwazi alikuwa anahofia nini. Amri zinamhusu binti peke yake. Dua inamzungushia watu. Mtoto anayeachwa yatima anakabidhiwa kwa Mungu pamoja na jamaa nzima itakayompokea.

Kisha yanafuata maneno ya kuaga: jina la mtunzi, mji alikotoka, na mwaka, 1275 wa Hijria, ambao ulianza Agosti 1858. Anawataka wanawake wengine nao wausome, jambo linaloonyesha kwamba tangu mwanzo alijua maneno yale yangetoka nje ya chumba cha mgonjwa.

Mwana Kupona aliaga dunia miaka michache baadaye. Makadirio ya watafiti yanaangukia kati ya 1860 na 1865. Mnamo mwanzoni mwa muongo huo Siyu nayo ilisalimu amri. Sayyid Majid aliutiisha mji, na Muhammad bin Mataka akaishia kuwa mfungwa katika Ngome ya Yesu, Mombasa. Ngome ya Siyu ingali imesimama kando ya maji, ikiwa chini ya uangalizi wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Wageni wanaofika hapo huonyeshwa kuta na mizinga. Jina la mke wa Bwana Mataka halitajwi sana.

Utenzi ndio ulioendelea na safari. Ulinakiliwa kwa mkono kutoka nyumba hadi nyumba, ukahifadhiwa vichwani na wanawake wa Pate, Siyu na Lamu, na ukasomwa kwa mahadhi. Nakala zilitofautiana: beti ikaongezwa hapa, neno likabadilishwa pale, kama ilivyo desturi ya maandishi yanayopendwa.

Mwana Hashima alihamia Lamu na kuzeekea huko. Alikuwa bado hai wakati msomi wa Kiingereza, Alice Werner, alipozuru Afrika Mashariki kati ya 1911 na 1913 akitafuta mashairi ya Kiswahili. Mjini Lamu, Werner aliipata kazi hii, na binti aliyeamrishwa kuleta wino na karatasi zaidi ya miaka 50 iliyotangulia alikuwa miongoni mwa watu waliokuwa wakiishi humo.

Kiungo kikubwa kati ya wenyeji na wageni wa namna hiyo kilikuwa Muhamadi Kijumwa, mwandishi mwenye hati nzuri, mchonga milango, mwanamuziki na mshairi wa Lamu. Nakala nyingi za tenzi zilizomo leo katika maktaba za London na miji ya Ujerumani zilipitia mikononi mwake. Mwaka 1917 Werner aliuchapisha utenzi huu kwa mara ya kwanza katika jarida la kitaaluma la Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, pamoja na tafsiri yake.

Miaka mingi baadaye wasomi wa Kiswahili wenyewe waliuchukua tena. Mwaka 1972 Amina Abubakar Sheikh na Ahmed Sheikh Nabhany, mshairi na mtaalamu wa lugha aliyezaliwa Lamu, waliutoa kwa maelezo ya Kiswahili. Mwaka 1999 Profesa Mugyabuso Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliujumuisha katika kitabu cha Tenzi Tatu za Kale, kando ya Fumo Liyongo na Al-Inkishafi. Na kabla ya hapo, Shaaban Robert alikuwa amekwisha kuifuata njia ya wosia wa mzazi kwa mtoto, akamtungia bintiye Utenzi wa Hati na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili.

Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali mwenye dawati, vitabu na wachapishaji. Mwana Kupona hakuwa na lolote kati ya hayo. Alikuwa na kitanda cha ugonjwa, binti mwenye kalamu, na mambo aliyoyapima katika maisha yake mwenyewe. Labda ndiyo sababu maagizo yake hayana ahadi kubwa. Hakumwambia Mwana Hashima kwamba akijizuia atatajirika au hatapatwa na msiba. Alimwambia atapendwa anapoingia, na hatachukiwa anapoondoka. Kwa binti ambaye karibu angekuwa mgeni katika nyumba za watu, huo ulikuwa mtaji mkubwa.

Jinsi Mwana Hashima alivyoutumia wosia huo katika ndoa na katika ujane ni habari ambayo haikuandikwa. Kinachojulikana ni kwamba aliishi muda mrefu. Aliziona zama za usultani wa Zanzibar zikififia pwani, akawaona Wajerumani wakiingia Witu na kuondoka, akawaona Waingereza wakiweka serikali yao Lamu, na akaona utumwa ukifutwa. Katika muda huo wote aliutunza utenzi wa mamake.

Alifariki Lamu mwaka 1933, akikadiriwa kuwa na umri wa miaka 92. Mwaka uliofuata, katika kijiji cha Medstead nchini Uingereza, Alice Werner na William Hichens walitoa kitabu chenye utenzi mzima, na juu ya jalada wakaupa jina lililoutaja kuwa ni nasaha juu ya wajibu wa mke. Mtu pekee aliyekuwapo chumbani siku yalipotamkwa maneno yale, na ambaye angeweza kuwaeleza kama jina hilo lilitosha, alikuwa hayupo tena.